Dama Sange na Njuga za Mzee Fisi

Paukwa.

Pakawa.

Nina hadithi mkononi.

Ilete tuione.

Na ikija na giza lake?

Tutasogeleana.

Basi sogeleaneni, kwa maana ya leo ina giza kweli.

Hapo kale, msitu ulipokuwa bado unafika mpaka kwenye mashamba ya mihogo, alikuwako sange mmoja, jina lake Dama. Kama hamjamwona sange, ni mnyama mdogo, mdogo kiasi kwamba angelala ndani ya kiatu cha baba yako na bado akanyoosha miguu. Pua yake ni ndefu na haitulii, inachezacheza muda wote kama inatafuta kitu ilichokiangusha. Miguu yake ni myembamba kama njiti za kiberiti. Lakini miguu hiyo, wenzangu, ilijua mbio.

Dama alipenda kukimbia. Hakukimbia kwa kuwa amefukuzwa. Hakukimbia kwa kuwa amechelewa. Alikimbia kwa kuwa akikimbia moyo wake ulikuwa mweupe, basi. Na alikimbia jua likishazama, kwa sababu mchana angani kuna Kipanga, na Kipanga akiona sange anapita hamwulizi habari za nyumbani.

Mumewe aliitwa Karisa. Naye alikuwa sange, mnene kidogo, mpole, asiyependa mbio wala safari. Kukimbia kwenyewe alikuona ni kujitafutia jasho. Lakini alimpenda mkewe, na kwa kuwa alimpenda, kila alasiri alitoka naye kufagia njia. Njia yao ilianza nyumbani kwao, chini ya rundo la majani makavu, ikapita vichakani mpaka kijitoni kwa mama yake Dama. Walifagia kwa miguu na pua. Faga, faga, faga. Jani likiwa njiani, pembeni. Mwiba ukiwa njiani, pembeni. Kijiti kikiwa njiani, pembeni. Hata giza likiingia, miguu ya Dama ilijua kila mzizi ulipo, kama ulimi unavyojua meno yake.

Jioni, kabla hajatoka, Karisa humwuliza:

"Mke wangu, unapita wapi leo?"

"Njia yetu ileile. Mpaka kwa mama, na kurudi."

"Masikio?"

"Yako wazi."

"Na ukikuta kitu usichokijua?"

"Nasimama kwanza, nauliza baadaye."

"Na hii saa yako, Dama, huwezi kuibadilisha hata siku moja? Kila mtu msituni anajua kwamba saa hii unapita."

"Hii ndiyo saa yangu, mume wangu. Miguu imeizoea."

"Haya, nenda. Nakungoja."

Naye akaenda, tiki tiki tiki tiki, akapotelea gizani. Karisa alikaa mlangoni na chakula chao cha jioni, mchwa wanono sita, watatu wake, watatu wa mkewe. Hakugusa hata mmoja mpaka aisikie ile tiki tiki tiki tiki ikirudi.

Sasa, mwaka huo akaja Fisi.

Alitoka huko alikotoka, ambako alikuwa amekula kila chenye miguu mpaka akabaki peke yake na kivuli chake. Alikuwa na taya la kuvunja mfupa wa paja, na tumbo lisilojua neno "imetosha". Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo ya msitu kuna bonde, na bondeni kuna paa wanono na kanga wasiohesabika. Akaanza kwenda. Ila katikati ya njia ya bondeni walikuwa wamelala Nyati, kundi zima, weusi gizani kama giza lenyewe. Fisi akanyata katikati yao kimya kimya. Nyati mmoja akageuka usingizini, akamkanyaga mguu. Wala hakujua kwamba amekanyaga mtu.

Fisi akarudi akichechemea. Akajilaza kichakani siku nne, na njaa yake pembeni. Siku zote hizo, kila jioni, saa ileile, alisikia kitu kikipita. Tiki tiki tiki tiki. Kinaenda. Tiki tiki tiki tiki. Kinarudi.

"Kidogo," Fisi akajiambia, "lakini hakikosi siku."

Jioni ya tano akatoka kichakani, akajilaza njiani, kimya.

Dama akaja na mbio zake. Masikio yalikuwa wazi, lakini Fisi aliyelala halii. Alipofika katikati ya njia, miguu yake ikakuta mzizi ambao jana haukuwepo. Mzizi laini, wenye manyoya, unaonuka. Akasimama. Alipokuwa anasimama tu, mguu mzito ukamshukia mgongoni. Puu.

"Habari za jioni, binti," ikasema sauti.

Dama akamfikiria Karisa pale mlangoni na wale mchwa sita. Hataingia ndani, alijua. Atakaa pale mpaka asubuhi.

"Nzuri, mzee," akasema. "Shikamoo."

Fisi akashangaa kidogo. Siku nyingi zilikuwa zimepita tangu chakula kimwamkie. "Marahaba," akasema. "Sasa tulia, nikule."

"Nimetulia, mzee. Sina pa kwenda. Ila naona unanikandamiza kwa mguu mmoja tu, na huo mwingine umeukunja. Umeumia?"

"Nyati kanikanyaga."

"Pole sana. Hakukuona?"

"Angenionaje, na giza lote lile?"

"Na alikusikia?"

"Nilinyata."

"Ndiyo maana," akasema Dama, taratibu, kama mkunga anayezungumza na mzazi. "Mzee, mimi napita gizani kila siku. Ng'ambo ya kijito ni kwa Nyati, na shangazi zangu wanaishi hukohuko bondeni. Unaniona mdogo hivi, sijakanyagwa hata siku moja. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Anayetembea gizani lazima aonekane na asikike. Asiyeonekana atakanyagwa. Asiyesikika atakanyagwa. Nyati si wabaya. Wakikuona, wanakupisha."

Fisi akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda, na kila alipofikiri tumbo lake lilinguruma, gruu, gruu. Chini ya mguu wake kulikuwa na kipande kimoja cha nyama, kidogo kuliko pengo la jino. Ng'ambo kulikuwa na bonde zima.

"Na wewe unaweza kunifanya nionekane na nisikike?"

"Naweza. Ila nahitaji mikono yangu."

"Nikikuachia utakimbia."

"Basi nishike mkia, mzee. Mkia wangu ni mrefu, umetengenezwa kwa kazi hiyo."

Fisi akamshika mkia kwa meno, na wakaenda hivyo, huyu mbele na huyu nyuma, kama mtoto anayevuta ng'ombe. Kila Fisi alipotaka kusema kitu ilibidi aseme kwa meno yaliyofumbwa, na Dama alijibu "ndiyo, mzee" bila kuelewa neno. Wakakusanya maganda makavu, yale ambayo mbegu hulia ndani zikitikiswa. Wakakata ukindu. Dama akayatunga maganda kwenye ukindu, akamfunga Fisi njuga miguu yote minne. Akamfunga nyingine kwenye mkia. Akamfunga nyingine shingoni, kwa heshima ya umri wake. Halafu wakashuka kijitoni, akampaka udongo mweupe kuanzia pua mpaka mkiani, mpaka Fisi akang'aa gizani kama shuka iliyoanikwa.

Mwisho Dama akachukua utomvu wa mbungo, ule unaotegewa ndege, akaupaka juu ya kila fundo. Akapaka tena. Akapaka mara ya tatu.

"Hii ya nini?" Fisi akauliza. Sasa alikuwa amemwachia mkia, maana alitaka kujitazama majini.

"Ulimbo, mzee. Ili zisilegee ukiwa katikati ya Nyati. Zikilegea pale, mimi nitakuwa na lawama."

Niwaambie ukweli: hapo Dama angeweza kukimbia. Mkia ulikuwa huru, na miguu ilimwasha. Lakini alijua kwamba akikimbia leo, kesho mzizi wenye manyoya utakuwepo tena njiani. Akabaki, akakaza fundo la mwisho.

"Tayari," akasema. "Safari njema, mzee."

Fisi akapiga hatua. Chaka. Akapiga nyingine. Chaka. Ikampendeza. Akaanza mbio za kuchechemea kuelekea bondeni, chaka chaka chaka chaka, mweupe kupita kiasi.

Dama alipobaki peke yake akakaa chini. Hapo ndipo aliposikia kitu kingine nyuma yake, kwenye njia. Si tiki tiki. Ilikuwa tipwa, tipwa, tipwa, na kuhema kwingi. Akasimama kwanza, akauliza baadaye.

"Nani huyo?"

"Mimi," sauti ikajibu, haina pumzi. Alikuwa Karisa. Alikuwa amekimbia njia nzima, yeye ambaye hakupata kukimbia hata mvua ikimnyeshea, na mdomoni alibeba kijiti.

"Hicho cha nini, mume wangu?"

"Ulichelewa."

"Ulikuwa unakuja kumpiga Fisi kwa kijiti?"

Karisa akakitazama kijiti chake. "Sikuwa nimefikiri mpaka huko," akasema. "Nilifikiri mpaka hapa ulipo."

Dama akaisogeza pua yake ndefu ikaigusa ya mumewe, na wakakaa hivyo kidogo. Dama akamsimulia yote, kisha wakapanda juu ya kichuguu wakasikiliza.

Mbali, chaka chaka chaka chaka. Halafu sauti nzito ya Nyati: "Nani anapita?"

"Mimi, Fisi."

"Tumekuona, mzee. Tumekusikia. Pita."

Nyati wakajisogeza, huyu huku, huyu kule. Fisi akapita katikati yao, hata unywele wake haukuguswa.

"Amepita," Karisa akanong'ona. "Umemfikisha bondeni, Dama. Shangazi zako wako huko."

"Sikiliza," Dama akasema.

Chaka chaka chaka chaka, ikashuka bondeni. Halafu prrrrr, kanga wote wakaruka kwa mara moja. Halafu paa, kwato nyingi nyepesi, zikaondoka mapema, bila haraka, kama watu wanaotoka mkutanoni. Halafu kimya. Halafu chaka, chaka, polepole, peke yake. Ikaenda kulia: kimya. Ikaenda kushoto: kimya. Usiku kucha ilizunguka bonde, na popote ilipofika palikuwa pameshahamwa.

Asubuhi, Dama na Karisa walikuwa chini ya majani yao waliposikia chaka chaka ikija kutoka mbali. Wakamaliza mchwa bila pupa, wakaingia chini ya mizizi, wakajipanga vizuri, ndipo Fisi akafika. Alikuwa amejaribu kuzitoa njuga kwa meno, na meno yakaingia ulimbo, hata akasema kama mwenye uji wa moto kinywani.

"Bindi," akasema. "Mefidanganya."

"Mimi, mzee? Nyati walikukanyaga?"

"Hapana."

"Walikuona?"

"Waliniona."

"Walikusikia?"

"Walinisikia."

"Na umerudi salama?"

Fisi akajiangalia. Ni kweli alikuwa mzima kabisa. "Salama," akakubali. "Lakini sijala."

"Nilikuahidi usalama, mzee," Dama akasema toka chini ya mizizi. "Chakula hatukukizungumza."

Fisi akakaa chini kulifikiria jambo hilo. Njuga zikalia alipokaa, na ndege juu ya mti wakahama.

Udongo ulioshwa na mvua, lakini ulimbo wa Dama haukuoshwa na kitu. Tangu siku hiyo Fisi aliishi kwa matunda yaliyoanguka na mizoga ambayo wengine wameiacha, akimlalamikia kila aliyemngoja afike, yaani hakuna. Wanyama wadogo wa msitu wote wakaanza kukimbia jioni. Paa walikimbia, kanga na pimbi wakakimbia, kwa kuwa kila mmoja alijua Fisi yuko wapi. Dama alikimbia saa tofauti kila siku. Hilo alimkubalia mumewe. Na Karisa alijaribu kukimbia naye jioni mbili, akaona yametosha, akarudi kwenye kufagia.

Dama hakuwa na moyo mgumu. Alipomwona Fisi akikonda alimhurumia. Kila mwaka, mvua za kwanza zikianza, alimwendea, akamwamkia, akamfungulia ganda moja. Moja tu. Halafu akayakagua yaliyobaki kama yamekaza.

Sasa mafunzo, maana wazazi wenu wamenituma niwape mafunzo.

La kwanza: usikimbie gizani. Dama alikimbia gizani maisha yake yote, akafa kwa uzee kitandani kwake, mumewe pembeni na wajukuu thelathini miguuni. Mnajionea wenyewe mbio za giza zilivyo na hatari.

La pili: mtu akikushauri juu ya usalama wako, mfuate bila kuuliza. Fisi alifuata ushauri, na mpaka leo hajakanyagwa.

Hadithi yangu imefika, imevua viatu.

Karibu ndani, hadithi.

Anayeitaka aichukue, asiyeitaka aniachie, nina pa kuiweka.