Nguchiro na Kilemba cha Pili

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma, mwanipata?

Twakupata, lete!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyuo vyao, walikuwapo Nguchiro na Komba. Wote wawili walisomea uganga kwa Bi Kakakuona. Nguchiro alikuwa hodari. Mzizi akiunusa mara moja, hausahau. Kila mtihani, alama za juu ni zake. Komba alipata za katikati. Lakini Komba alikuwa na jambo lake: asubuhi uganga kwa Bi Kakakuona, jioni sheria kwa Mzee Korongo. Kila elimu ilikuwa na kilemba chake cha kuhitimu, naye angevaa viwili.

Basi msitu mzima ukawa Komba, Komba. Kisimani Komba, ngomani Komba. Nguchiro akipita, husalimiwa tu. Wivu ukamwingia, ukamtafuna, kwaru kwaru, kama mchwa ndani ya boriti. Chakula hakishuki. Komba akicheka, yeye hununa.

Mwisho akaenda kwa Mzee Korongo, akaomba naye asome sheria. Bi Kakakuona aliposikia, akamwita, akamwuliza kama anaipenda hiyo sheria. Nguchiro akasema, "Mwalimu, Komba ana mbili. Mimi nina moja."

"Sikukuuliza ya Komba," alisema Bi Kakakuona.

Nguchiro hakusikia. Akawa mbio huku, mbio kule, tifu tifu. Asubuhi usingizi ukawa unamshinda. Siku ilipofundishwa dawa ya sumu ya nyoka moma, Nguchiro alikuwa kwake, amelala fofofo.

Haukupita muda, Bi Kakakuona akasafiri. Huku nyuma mtoto wa Swala akaumwa na moma. Swala akamkimbilia Nguchiro, mwenye alama za juu. Nguchiro akashika mfuko wa mizizi. Dawa haijui. Komba anaijua, na yuko mtini pale pale. Lakini amwite Komba, mbele ya watu? Akajaribu mzizi huu, wapi. Akajaribu ule, wapi. Mguu wa mtoto ukavimba, ukavimba.

Swala akasema polepole, "Nguchiro, mwanangu anakufa."

Hapo ndipo alipoita. "Komba, njoo. Mimi siijui."

Komba akashuka, akachimba, akatafuna, akabandika. Mtoto akapona. Ila mguu ulilemaa, maana dawa ilichelewa.

Walipobaki wawili, Komba akamwambia, "Mimi sheria naipenda, na usingizi kidogo hunitosha. Lakini kila zikisomwa alama zako, nami nilikuwa sili kwa wivu."

Nguchiro akalia. Akamuaga Mzee Korongo kwa heshima, akarudi kwa Bi Kakakuona, akaanza na dawa ya moma. Akahitimu na kilemba kimoja, Komba viwili. Ngoma ilikuwa ya Komba, na moyo wa Nguchiro ukauma kidogo. Akaicheza hivyo hivyo. Mtoto wa Swala akapita akichechemea. Nguchiro akamtazama mpaka akatokomea.

Enyi watoto, nanyi wakubwa: elimu moja ni njema, mbili ni njema, ila usichague kwa jicho la wivu. Wivu ni wako, lakini jeraha huweza kuwa la mwingine.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesikia na aende nayo.