Fisi Alivyolinda Deli la Chanjo

— Ngano naileta.
— Ilete tuipokee.
— Ina miiba.
— Tutaishika hivyohivyo.

Haya, shikeni. Palikuwa na boma moja lenye ng'ombe kumi na wawili, na Mama Nguruwe na watoto wake tisa. Asubuhi moja habari ikafika kwamba Kimeta yuko ng'ambo ya kilima. Ugonjwa huo, ndugu zangu, hauna adabu ya kubisha hodi. Ng'ombe yuko anacheua, pu, amelala, hata jani hajameza. Mama Nguruwe akawahesabu watoto wake, akawahesabu tena, kana kwamba mmoja amekwisha kufa.

Kalunguyeye, mganga wa mifugo, kimo chake kama cha kiatu, akaenda mbio, akarudi na deli la barafu kichwani. Ndani mna chupa za chanjo. Mlangoni akamkuta nani? Fisi. Amekaa, tumbo mbele.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba, miiba. Lete hilo deli."

"Ni chanjo ya mifugo, Mzee."

"Najua. Nikinywa yote mimi, sifi. Wao wakikosa, wanakufa. Wakifa, nakula. Niambie pabaya hapo ni wapi."

Kalunguyeye alishaona roho mbaya nyingi, ila hii ilikuwa na mpangilio.

"Hapana pabaya, Mzee. Ila chanjo ikipata joto inaharibika, inabaki maji tu. Ngoja nikufungie deli kwa kamba, ukae nalo kwenye kijito kile cha baridi, maji shingoni, siku kumi na nne, ndipo uinywe."

"Kumi na nne zote?"

"Anayetaka yote hukaa zote."

Fisi akangoja, mate yanamdondoka. Kalunguyeye akazunguka nyuma ya zizi, akahamishia chupa na barafu kwenye chungu, ndani ya deli akajaza kokoto, akafunga. Fisi akalikumbatia, chubwi, majini.

Saa hiyohiyo kazi ikaanza. Kalunguyeye akang'oa mwiba mgongoni, chwi. Akang'oa mwingine, chwi. Kila mnyama na mwiba wake mpya. Fahali, mwenye pembe za kutisha kijiji, alipouona mwiba akazimia. Akachomwa hukohuko chini.

"Huyu wangu wa mwisho ni mwoga," akasema Mama Nguruwe. "Mruke."

"Nikimruka mmoja, Mama, Kimeta nimemwachia mlango."

Chwi.

Kila asubuhi Kalunguyeye akapita kijitoni.

"Deli limepoa, Mzee?"

"Li-li-limepoa."

"Nawe umepoa?"

"Ni-ni-nimepoa. Tayari?"

"Bado. Kinga haiivi kwa siku moja."

Na hapo hakudanganya. Kule bomani damu ya ng'ombe na ya nguruwe ilikuwa inajifunza vita, polepole.

Siku ya kumi na tano Fisi akatoka, meno tetetetete, akafungua deli. Kokoto. Akatazama vizuri. Kokoto. Akaonja moja. Kokoto.

"Basi angalau nyama nitakula," akasema, akajikokota hadi bomani, maana Kimeta alikuwa amefika asubuhi ile.

Kimeta akamgusa Fahali. Fahali akaendelea kucheua. Akamgusa Mama Nguruwe; Mama Nguruwe akajikuna. Akawagusa ng'ombe wote, akawagusa watoto tisa, hata yule mwoga, kisha akaenda zake mikono mitupu. Fisi akabaki mlangoni, kamasi zinatiririka.

"Kalunguyeye, mwanangu," akasema kwa sauti ya kinyonge, "nami nichome."

Kalunguyeye akapanda juu ya jiwe, akamgusa paji la uso. Linachemka.

"Chanjo hupewa mzima, Mzee. Wewe unaumwa."

Ngano yangu imekatika mkia hapo, aliyeuokota aufuge.

Mnataka na funzo? Funzo ni kwamba chanjo haina maana. Ng'ombe wote walichomwa, nguruwe wote walichomwa, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Sasa miiba yote ile ilikuwa ya nini?