Tanuri na Mbio za Mlimani

Mhunzi akivunjikiwa na koleo, hatupi nyundo mtaroni akaenda kulala. Hutazama lilipovunjikia, kisha huunda jingine lililo bora. Mwoka mikate mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Tanuri, alilijua hilo kwa jasho lake mwenyewe.

Mama huyo alisimama mbele ya moto tangu usichana wake, naye alikuwa na mwiko wa kazi: hanywi tone la maji mpaka sinia la mwisho litoke. Basi ilipotangazwa kwamba mbio za mlimani zingefanyika katikati ya kiangazi, alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Jua litanifanya nini?" alimwuliza dada yake, aliyeuza mikate kaunta. "Mimi na joto tumenyonya ziwa moja."

"Hata ndugu huumana, mdogo wangu. Chukua maji."

Neno hilo liliingia sikio la kulia likatokea la kushoto. Tanuri alikuwa akiwaza jambo moja tu. Katika mbio hizo, mkimbiaji aliyekaribia utepe aliruhusiwa kumshika mkono mtu wake wakamaliza pamoja. Binti yake alikuwa amevaa viatu vipya tangu alfajiri, akimngojea mwishoni.

Filimbi ilipolia, Tanuri alichomoka kama mshale. Aliwapita vijana, akaipita na meza ya maji bila kuitupia jicho. Sinia la mwisho bado, alijiambia. Jua lilipofika utosini, jasho lilimkauka, miguu ikawa si yake na njia ikaanza kuyumba. Aliteremshwa kwa machela. Alipozinduka kivulini alimwona bintiye kando yake, viatu vyake havina hata chembe ya vumbi.

"Mama, hatukimbii tena?"

Tanuri aliona haya kuliko alivyoona maumivu.

Alivitupa viatu vyake vya mbio uvunguni akaapa kutovigusa tena. Fundi cherehani wa duka la pili hakumwacha apumue. Kila akija kununua mkate aliuliza, "Huu umeiva au umezimia?"

Siku moja Tanuri alisahau beseni la unga uliokandwa karibu mno na moto. Uliumuka haraka haraka, ukafurika, kisha ukanywea ukalala chini.

"Unga huu nao umekwenda mlimani," alisema dada mtu.

Tanuri aliutazama, akaanza kucheka hadi akashika mbavu. Kila kiangazi aliukandia unga maji baridi, akauweka kivulini, akaufunika kitambaa kibichi na kuuacha uumuke taratibu. Unga aliuonea huruma, mwili wake mwenyewe hakuuonea.

"Tuutupe?" aliuliza dada.

"Nani kakwambia? Unga ukinywea hukandwa upya."

Mikate ya siku hiyo iliumuka vizuri tu. Jioni Tanuri aliinama uvunguni akavitoa viatu vyake. Kuanzia kesho yake, jagi la maji likapata makao karibu na moto, na ule mwiko ukafa bila matanga.

Kiangazi kilichofuata alirudi mlimani na kitambaa kibichi shingoni. Kwenye miinuko alitembea, kwenye kila meza ya maji alisimama. Fundi cherehani, aliyejitosa mashindanoni ili kumwonyesha kazi, alimpita kwa kishindo akipunga mkono. Baadaye Tanuri alimkuta ameketi chini ya kichaka, ulimi nje.

"Jirani, umeiva au umezimia?" alimwuliza, huku akimpa chupa yake ya maji.

"Nimeungua kabisa, jirani," alikiri fundi, nao wakacheka pamoja. Alipopata nguvu, wakaendelea mdogomdogo.

Walikuwa miongoni mwa wa mwisho kabisa. Binti alikuwa bado anangoja, na viatu vile vile miguuni. Sasa vilikuwa vinambana, akavikanyaga visigino ili miguu iingie. Tanuri alimshika mkono, wakaukimbilia utepe, viatu vikipiga kofi ardhini na vumbi likiwafunika wote wawili. Dada mtu alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

"Mama," alisema binti akihema, huku akivitazama kwa furaha viatu vyake vilivyojaa vumbi, "na mwakani tena?"

"Na mwakani tena," alijibu Tanuri, naye alilia bila kuficha machozi. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.