Aliyeutoa Wimbo wa Kumi na Tatu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, watu walipokuwa wameshaanza kusikiliza muziki kwenye simu, palikuwa na bendi mjini Tabora ikiitwa Msonge. Kiongozi wake alikuwa Mzee Kasubi, mpiga gitaa. Mwimbaji wake alikuwa Kalunde. Miaka tisa Mzee alipiga, Kalunde akaimba, na kila Jumamosi ukumbi ulijaa hadi wengine wakachezea barazani.

Siku moja Mzee Kasubi akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukafa, mdomo ukaenda upande. Kalunde alipokwenda kumwona hospitalini, Mzee alimwambia kwa taabu, "Mwanangu, nishikie bendi mpaka nitakapoinuka."

Kalunde akajibu, "Sawa, baba. Kesho nitarudi tupange."

Kesho yake alipanda basi akaenda Dar es Salaam. Alikuwa ameitwa huko kurekodi albamu ya peke yake, na wito huo alikuwa nao moyoni wiki mbili nzima bila kumwambia mtu.

Albamu ikatoka. Nyimbo kumi, muziki wa kisasa wa kuchezeka, na watu wakaupenda. Redioni mtangazaji akamwuliza, "Dada Kalunde, tunasikia Mzee Kasubi alikufukuza kwa wivu. Ni kweli?" Kalunde akacheka kidogo akasema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Hakusema ndiyo. Hakusema siyo. Watu wakasikia ndiyo. Tangu siku ile Mzee Kasubi akaitwa Mzee Wivu mjini mwake mwenyewe, na waliokuwa wakimwamkia kwa heshima wakawa wanavuka barabara wasikutane naye.

Jambo hilo lilimkaa Kalunde kooni kama mwiba wa samaki. Alasiri moja ya mvua, wengine wakiwa wameshaondoka studio, alimwomba Hilali awashe mitambo. Hilali ndiye fundi aliyerekodi albamu yote. Kalunde akaimba wimbo ambao hakuwa ameuandika popote, bila ala yoyote. Aliimba kwamba hakufukuzwa, alitoroka. Kwamba alimwambia mgonjwa "kesho", na kesho yake haikufika. Aliuimba mara moja, akalia, akafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Futa," akasema.

"Nifute? Dada, wimbo huu?"

"Futa nikikuona."

Hilali akabonyeza. "Nimefuta. Wallahi hakuna kitu."

Ukapita mwaka. Kampuni iliyoisimamia albamu ikataka toleo maalumu, yaani albamu ileile iliyoongezewa nyimbo mpya. Kalunde akaimba nyimbo mbili. Kumi ukiongeza mbili, zikawa kumi na mbili kamili. Siku ya kutoka, asubuhi, akiwa mezani na chai yake, alifungua simu aitazame kazi yake. Akahesabu. Akahesabu tena. Kumi na tatu.

Wimbo wa mwisho uliitwa "Kesho". Akaubonyeza. Sauti ilikuwa yake, na kilio kilikuwa chake. Lakini sasa kilio kile kilikuwa kimevishwa nguo: gitaa mbele, besi nyuma, na tarumbeta mbili zikiitikiana kama za Msonge enzi zake. Kalunde alisikiliza mpaka mwisho, na chai ikapoa mezani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alimwita mdogo wake, Nyamizi, aliyekuwa meneja wake na aliyeishi naye nyumba moja.

"Nyamizi, orodha ya nyimbo ilipelekwa na nani?"

"Na mimi, dada, kama siku zote."

"Nyimbo ngapi?"

"Kumi na mbili. Labda kampuni wamekosea. Kwani Hilali umemwuliza?" Alisema hivyo huku akikunja kanga ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

Kalunde akaenda kwa Hilali.

"Mimi nilifuta, na wewe uliniona," Hilali akasema.

"Nilikuona ukibonyeza. Ulichobonyeza sikukiona."

"Dada Kalunde, wallahi..." Mara hii hakukimaliza kiapo. Akageukia mitambo yake. "Lisikilize lile gitaa. Vidole vile huvijui?"

Alivijua. Vilikuwa vya Mihayo, mwanafunzi wa Mzee Kasubi. Kalunde alipokimbia, Mihayo ndiye aliyebaki. Mwaka mzima alimbeba Mzee mgongoni kumpeleka mazoezi ya mkono, hata bendi ilipokufa kabisa naye akaja Dar es Salaam kupigia wengine katika studio ya Hilali. Kalunde akamkuta akifunga nyuzi mpya.

"Gitaa lile ni lako, kaka Mihayo."

"Wapiga gitaa duniani ni wengi."

"Wanaouvuta uzi wa tatu kama Mzee ni wangapi?"

Mihayo akafikiri. "Wawili. Na mmoja mkono wake umekufa." Halafu akainama tena kwenye nyuzi zake. "Mimi napewa wimbo, napiga. Siulizi unakwenda wapi. Anayejua unakwenda wapi ni mwenye orodha."

Mwenye orodha alikuwa Nyamizi. Nyamizi alimtuma kwa Hilali, Hilali akamtuma kwa Mihayo, Mihayo akamrudisha kwa Nyamizi. Kalunde akawa kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango.

Tangu siku ile akabadilika. Alibadili namba ya siri ya simu. Akiingia chumbani mazungumzo yakikatika, alijua yanamhusu. Yasipokatika, alijua yamegeuzwa. Hilali akicheka, alihisi anachekwa. Mihayo akinyamaza, alisema moyoni, huyu ananilipizia kisasi cha Mzee. Na Nyamizi akimwekea chakula, alikitazama kwanza. Damu yake mwenyewe! Akaandika barua ya kuitaka kampuni iuondoe wimbo.

Barua haikuwahi kwenda, kwa sababu wimbo ulimtangulia. Juma la kwanza watu walimtukana: mnafiki, mtoro, umemwachia mzee wa watu jina baya! Juma la pili walianza kuuimba. Wenye wazazi wagonjwa waliuimba. Waliosema "kesho" wasirudi waliuimba, nao walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Nyimbo kumi na mbili zikakaa pembeni, ule mmoja ukatembea. Huko Tabora, waliokuwa wakivuka barabara wakaanza kubisha hodi kwa Mzee Kasubi, huyu na kuku, huyu na asali, kila mmoja akitafuta namna ya kusema samahani bila kulitaja kosa.

Juma la tatu, mzigo ukafika kwa basi. Ndani mlikuwa na gitaa la Mzee Kasubi, na barua yenye mwandiko wa mkewe:

"Nilikuwa nimekubali kuzikwa na jina la Wivu. Aliyeutoa wimbo huu ndiye aliyenifufua. Gitaa langu ni lake, na jina la Msonge ni lake. Aiinue bendi."

Wote waliosikia walimpongeza Kalunde. Yeye ndiye mwenye wimbo, ni nani mwingine? Walimshika mkono, na yeye aliuachia ushikwe. Lakini mkono ule ulikuwa wa baridi. Akaliweka gitaa juu ya kabati, akawa analitazama kama mtu anayetazama chambo. Huu ni mtego, akawaza. Mzee anataka kumjua mwizi. Au kuna mtu kamwandikia.

Haikupita siku mbili, waliokana wakaanza kuja. Kila mmoja alikuja peke yake, na kila mmoja alifunga mlango nyuma yake.

Wa kwanza alikuwa Hilali. "Dada, kiapo nilikivunja mimi. Nilibonyeza kitufe kingine. Nimewahi kufuta nyimbo za watu kwa amri yao, wakarudi wakilia, na mimi sina cha kuwapa. Wako nikaona heri nibebe dhambi. Bila mimi, kungekuwa na nini cha kutoa?"

"Na wewe ungeutoa?"

Hilali akajikuna shingo. "La. Ningeutunza tu."

Akaja Mihayo. "Niliusikia siku moja Hilali akiusikiliza peke yake, akidhani nimeondoka. Nikauchukua. Nikawatafuta wapiga tarumbeta wa Msonge, mmoja sasa anauza mbao, tukaupiga kama Mzee alivyotufundisha. Dada, kilio mtu hakisikilizi mara mbili. Mimi ndiye niliyekifanya wimbo."

"Kwa kumpenda Mzee, au kwa kunichukia mimi?"

"Siku ya kwanza, kwa kukuchukia. Siku ya tarumbeta, sikukumbuka tena."

"Na baada ya kuupiga?"

"Nilimwachia Nyamizi. Mimi mwenyewe sikuthubutu kuutoa."

Nyamizi alikuja wa mwisho, naye hakukaa. "Mmoja aliuficha, mwingine akaupamba, wote wakaogopa. Mimi niliandika kumi na tatu kwenye orodha. Mlango niliufungua mimi, na mimi ndiye ningefukuzwa nyumbani."

"Ulijua utaniaibisha."

"Nilijua. Nilijua kampuni inataka jambo la kuzungumzwa. Na nilijua jina la Mzee likitajwa wewe unaacha kula. Usiniulize kipi kilitangulia, dada, kwa sababu nimejiuliza nikakosa jibu."

"Mbona mlikana wote?"

"Ungekuwa wewe, ungekiri? Mwaka mzima ulikuwa umenyamaza."

Kesho yake, na mara hii kesho ilifika kweli, aliwachukua wote watatu na gitaa wakapanda treni ya Tabora. Njiani kila mmoja alilitazama gitaa, kisha akamtazama mwenzake anavyolitazama.

Walifika kwa Mzee Kasubi mchana. Alikuwa sebuleni, mkono wa kushoto umelazwa juu ya mto, mkewe kando yake akimenya karanga. Kalunde akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi."

Mzee alitabasamu kwa upande mmoja wa uso, na tabasamu lile ndilo lililomtisha Kalunde kuliko yote. Angeweza kunyamaza. Angenyamaza hapo tu, msamaha ungebaki wake, na gitaa pia.

"Baba, wimbo nimeuimba mimi. Lakini niliagiza ufutwe. Ulipotoka, niliandika barua uondolewe. Ulipokuja mzigo wako watu wakanipongeza, na mimi nikanyamaza, kama nilivyonyamaza redioni."

Mkewe Mzee akaacha kumenya. Karanga moja ikaviringika sakafuni, na hakuna aliyeiokota.

"Basi nani aliyenitolea?" Mzee akauliza.

Wakasema. Hilali akasema lake, Mihayo lake, Nyamizi lake. Mwanzoni walisema kwa adabu, halafu wakaanza kukatizana.

"Wewe uliiba!" Hilali akamwambia Mihayo.

"Nimekuibia ulichokuwa umemwibia mwenyewe!" Mihayo akajibu. "Na huyu Nyamizi kauza siri ya dada yake."

"Siri gani?" Nyamizi akasema. "Siri yake ilikuwa uongo juu ya mzee huyu! Nyinyi mlikuwa na ukweli mikononi, mkaukalia!"

"Na Kalunde je?" akasema Hilali. "Sisi wote tumebeba, lakini yeye ndiye aliyezaa."

"Alizaa akasema mtupeni," akasema Mihayo.

Mzee Kasubi akainua mkono wake mzima, wakanyamaza. Akamgeukia Kalunde.

"Leo hii, ukiulizwa, ungeutoa?"

"Leo ningeutoa, baba. Siku ile, hapana."

"Mmh." Akawatazama wale watatu mmoja mmoja, naye pia sasa alikuwa na jicho la mtu asiyeamini upesi. "Kila mmoja wenu alidanganya. Na kila mmoja, uongo wake ukiuondoa, mimi bado ni Mzee Wivu. Kama ningeandika 'mpeni mwema', gitaa lingerudi kwangu, au lingekaa bila mtu. Lakini sikuandika 'mpeni mwema'. Niliandika 'mpeni aliyenitolea wimbo'. Neno langu silirudishi. Gitaa ni moja, na bendi haiongozwi na watu wanne. Semeni ni nani."

Gitaa lilikuwa limelazwa mkekani katikati yao. Nje ya mlango majirani walikuwa wameshaanza kujikusanya, wakibishana kwa minong'ono: huyu, la, yule. Wanabishana mpaka leo.

Basi na nyinyi mliosikia yote, msinitazame mimi, mimi ni msimuliaji tu. Hilali aliyevunja kiapo akauhifadhi wimbo bila nia ya kuutoa. Mihayo aliyeuchukua kwa chuki akaupa uhai kwa mapenzi. Nyamizi aliyeufungulia mlango na hajui kama ni kwa huruma au kwa tamaa. Au Kalunde aliyeuimba kwa kweli akataka ufe, kisha akapiga magoti akasema yote, ilhali angeweza kunyamaza. Inama uliokote gitaa la Mzee Kasubi pale mkekani, uniambie: unamkabidhi nani?