Kishindo na Mabomba Manene

Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, na waliyasema hayo bila kuwa na gari. Dereva mmoja, kwa jina la utani Kishindo, alikuwa na pikapu kuukuu. Mwalimu mkuu wa shule ya mlimani alimwahidi kazi ya kubeba mizigo ya shule mwaka mzima, mradi apandishe madawati ishirini kabla ya kengele ya saa mbili.

Kishindo akafunga safari kwa fundi wa kuchomelea. "Fundi, ng'oa hivi vibomba vinne vyembamba vinavyotoa moshi kwenye injini. Niwekee manene, mafupi. Injini ipumue, ipate nguvu."

"Tambarare itakimbia," fundi alisema. "Mlimani na mzigo utajuta. Kwenye bomba jembamba moshi hukimbia, ukavuta na wa nyuma yake. Kwenye nene hujikokota kama mgeni aliyeshiba."

"Wewe choma tu."

Vibomba vya zamani akampelekea mama mkwe wake, naye akavifanya fito za kulalia kuku.

Siku ilipofika, mama mkwe aliketi mbele, pamba masikioni. Tambarare pikapu ilinguruma kama simba mwenye njaa. Katikati ya mlima simba akawa paka, akakohoa, akanyamaza. Kengele ikalia juu yao.

"Kitendawili," mama mkwe alisema.

"Mama, si sasa."

"Kitendawili."

"Tega," Kishindo alijibu, mguu kwenye breki.

"Nikimbana koo anaruka mbali, nikimwachia ananitemea miguuni."

Kishindo alifikiri hadi jasho likamtoka. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa hili gari."

"Silitaki. Ni maji kwenye mpira wa bustani, mwanangu. Na moshi wako ni vivyo hivyo."

Akashuka, akapanda mlima kwa miguu kumwomba mwalimu mkuu, akarudi na jibu: amewapa hadi kesho tu.

Jioni Kishindo aliingia banda la kuku kwa magoti kuvitoa vibomba. Kuku aliyekuwa ameatamia akamdonoa sikio. Fundi alivirudisha vile vibomba huku amejiziba pua.

Kesho yake pikapu ilipanda polepole, kimya, kama sisimizi na punje yake. Mwalimu mkuu aligeuka akakuta madawati mlangoni.

"Mmefika saa ngapi? Sijasikia kitu."

"Hukusikia," mama mkwe alisema, "lakini nadhani umenusa."

Kazi akapata, na kinyesi cha kuku kiliungua kwenye vibomba vile wiki nzima. Kishindo hakulalamika, maana alikwisha kujua: ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.