Glasi ya Bwana Trask

Duka langu la wiski lilipofilisika kule Ohio, Marekani, niligeuka mhubiri wa kupinga pombe. Kazi nyingine sikuijua.

Siku moja Trask, tajiri wa kilabu cha pombe, alivamia mkutano wangu na wateja wake ishirini.

"Toka mjini, mlevi mstaafu!"

"Natoka, bwana. Ila kwanza kunywa glasi moja ya wiski kutoka pipa lako mbele ya wateja wako."

Wateja wakashangilia, glasi ikaletwa. Trask akaitazama, jasho likamtoka.

"Leo tumbo linanisumbua," akasema.

Wateja wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakaja kutia sahihi ahadi ya kuacha pombe.

Nilijua hatainywa. Kuchanganya wiski na maji ya tumbaku, pilipili na mafuta ya taa nilimfundisha mimi, enzi nikiitwa mfanyabiashara mwaminifu.