Nyumba Isiyo na Hodi

Juma lililopita, tulipotoka kwenye ibada, mliniuliza habari za yule mbunge wa upande wa wachache. Mlisema kila ikiletwa sheria ya kukomesha uhalifu, yeye husimama kuipinga. Anataka dhamana ibaki. Anataka askari wasiingie nyumba za watu bila kibali. Na katikati ya hayo yote anadai nyumba za kuishi, nyumba za kuishi, mpaka wenzake wanapiga meza kumzomea. Mkaniuliza, mtu huyu anatetea wezi? Mimi si mwanasiasa, na kura yangu siwaambii. Nitawapa mfano. Na wewe uliyeegemea ukuta pale nyuma, kaa sawa, maana sitarudia.

Mzee mmoja, jina lake Lugendo, alikuwa na nyumba ya kupangisha. Ilikuwa nyumba ndefu: korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na bomba la wote, na mwisho wa korido stoo ndogo ya kuwekea magunia. Nyuma ya uani palikuwa na kiwanja kitupu. Mzee Lugendo alikwisha kumwaga matofali pale, akaahidi kuongeza vyumba. Miaka ikapita, matofali yakaota kuvu, majani yakayafunika. Watu wasio na pa kukaa waliketi kibarazani mbele ya nyumba, mabunda yao miguuni, wakingoja chumba kiwe wazi. Walikuwa watu wa adabu, hawakumsumbua mtu. Ila mpangaji akipita huku anakohoa, walitazamana. Walimuuliza kwa upole, "Kifua hicho, mzee wangu, umekipeleka hospitali?" kisha wakamsindikiza kwa macho mpaka alipoingia chumbani kwake.

Nyumba ile ilikuwa na desturi mbili, na hakuna aliyejua nani alizianzisha. Ya kwanza ni hodi. Hakuna aliyeinua pazia la mwenzake bila kupiga hodi na kusubiri aambiwe karibu. Hata Mzee Lugendo, mwenye nyumba yake, alisimama nje ya pazia, akapiga hodi, na asipojibiwa akaenda zake. Ya pili ni hii. Mtu akituhumiwa jambo, aliletwa mbele ya wapangaji wote, na jirani mmoja akasimama akasema, "Huyu yuko kwangu." Basi. Mtuhumiwa alirudi chumbani kwake, akaendelea na kazi zake mpaka siku ya shauri, na akitoroka, yule jirani ndiye wa kuulizwa. Wapo waliopatikana na makosa, wakafukuzwa na vyombo vyao. Lakini walifukuzwa kosa likiwa limekwisha kujulikana.

Halafu wizi ukaingia. Nawaambia kweli, wizi ulikuwapo, mtu asiwadanganye kwamba watu wale walijitungia hofu. Kwanza ilipotea sufuria ya Bi Nyamizi, mama muuza maandazi aliyekaa chumba cha karibu na bomba. Kisha vitenge vikaanuliwa kambani na mkono usiojulikana. Kisha ikaenda redio ya mjane mmoja, na redio ile ndiyo iliyokuwa ikimsemesha jioni tangu mumewe afariki. Mama yule alilia mpaka sauti ikamkauka. Watu walikasirika, na hata mimi ningekasirika.

Mzee Lugendo akaitisha mkutano uani. Akasema mwizi anafichwa na hodi, maana ukimpigia hodi umempa nafasi ya kusukuma mali ya watu uvunguni. Kwa hiyo hodi ikome, milango na mapazia ving'olewe. Asiye na baya, pazia la nini? Akasema tena, mtuhumiwa akilala kwake atapoteza ushahidi, kwa hiyo akae stoo mpaka shauri lake lisikilizwe. Na chumba chake kisikae bure watu wakiteseka nje. Apewe mtu wa kibarazani. Wapangaji walipiga makofi. Wale wa kibarazani walipiga makofi zaidi.

Bi Nyamizi peke yake hakunyoosha mkono. Alisimama, unga ungali viganjani, akasema, "Sufuria iliyoibiwa ni yangu, jamani, na huyo mwizi nikimpata mtanishika. Lakini mle stoo hamtamtia mwizi. Mtamtia yeyote mtakayemnyooshea kidole. Mzee, vile vyumba vya nyuma, jenga." Wakamcheka. Mmoja akamwambia, "Mama, kwani mwizi ni shemeji yako?" Uani kote kikawa kicheko. Mzee Lugendo naye alitabasamu, wala hakumchukia. Alimhitaji. Wageni wakipita na kuona kuna mmoja anayekataa, husema hapa watu wanashauriana.

Milango iling'olewa siku ileile, ikarundikwa juu ya matofali. Ukabaki mlango mmoja tu katika nyumba nzima, ule wa stoo. Haikupita wiki, mtu wa kibarazani aitwaye Kasanzu akasema amemwona Hamduni, fundi baiskeli, akipita na kitu ndani ya koti. Kitu gani? Hakujua. Hamduni alikuwa na kigugumizi, na alipoulizwa kwa ukali maneno yalimkwama kooni. Hilo nalo likahesabiwa kuwa ushahidi. Bi Nyamizi akasimama, akasema, "Huyu yuko kwangu." Wakamtazama kama mtu aliyesema kwa lugha ya ugenini. Hamduni akatiwa stoo, na jua halijatua Kasanzu alikuwa amekwisha kujilaza kwenye kitanda cha fundi huyo.

Shauri likapangwa, likaahirishwa. Shahidi anaumwa. Mzee amesafiri. Leo kuna msiba, haifai. Bi Nyamizi alimpitishia Hamduni maandazi chini ya mlango, na kila wiki alikwenda kumuuliza Mzee Lugendo shauri ni lini. Mzee alimjibu kwa heshima zote, "Liko njiani, mama." Alitaka kitu kimoja tu yule mama, jirani yake atoke mle ndani na asikilizwe. Kilikuwa kitu kidogo.

Sasa sikilizeni nyumba ile ilivyokuwa. Ilikuwa kimya, na kimya chenyewe si cha amani. Mchana wa jua kali, pale uani palipokuwa na kelele za wanawake na utani, ulisikia bomba likidondosha maji tu. Mtu na mkewe hawakuzungumza, kwa sababu koridoni daima kulikuwa na mtu anayepita polepole mno. Watu waliacha kuipa korido mgongo. Walisema nawe huku wakitazama juu ya bega lako. Mama mmoja aligeukia ukutani kunyonyesha, na alipogeuka tena alikuta mtu amesimama kizingitini, haombi kitu, anatazama. "Nilikuwa napita," mtu yule akasema, na hakupita.

Na wizi? Wee, haukukoma. Penye vyumba visivyo na milango, sabuni ya nani itakaa? Kwa hiyo watuhumiwa wakaongezeka. Fulani amecheka peke yake. Fulani kwa nini amegeuza kitanda? Kila aliyetajwa alikwenda stoo, na chumbani kwake akahamia aliyemtaja, au ndugu wa aliyemtaja. Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti. Stoo ile ilikuwa ndogo, ukiweka magunia matano umeijaza. Watu waliingia na kuingia, nayo haikujaa. Mlango ulipofungwa nyuma yao, hatua zao zilisikika zikiendelea kwenda, mbele, mbele, kupita mahali ambapo ukuta ungepaswa kuwazuia. Waliosikia waliongeza mwendo wakaenda kuteka maji. Mzee Lugendo alifurahi, maana kibaraza kilikuwa kitupu. Aliwaonyesha wageni akasema, "Kwangu mimi shida ya nyumba imekwisha." Wageni wakampa mkono.

Ndipo alasiri moja ikasikika hodi. Watu walishituka, kwa sababu neno lile lilikuwa limeachwa. Lilitoka stoo, kwa ndani. Halikuwa la hasira wala la kilio. Lilikuwa la mtu mstaarabu aliyesimama nje ya pazia la jirani. "Hodi." Kimya. "Hodi wenyewe." Kisha sauti nyingine, ya mwanamke, kisha sauti nyingi pamoja, zikingoja baina ya hodi na hodi muda uleule ambao mgeni hungoja. Watoto wakauliza, "Wanasema nini?" Mama zao wakawaziba masikio. Jibu kila mtu alilijua, ni neno moja tu, na hakuna aliyelitamka. Ukisema karibu lazima ufungue, na ukifungua, mwenye chumba atakuja chumbani kwake. Ikawa hivyo kila alasiri, na watu wakajifunza kuwasha majiko saa ile ili mkaa ukipasuka wasisikie vizuri.

Baadaye mwizi akakamatwa. Alikamatwa mtaa mwingine kabisa, akiwa na redio ya yule mjane na sufuria ya Bi Nyamizi, na mdomo wake mwenyewe ukakiri kwamba siku zile alikuwa akiruka ukuta wa uani. Hakuwahi kupanga katika nyumba ile hata siku moja. Habari ilifika mchana, ikaenea vyumba vyote kwa mara moja. Bi Nyamizi alikimbia mpaka katikati ya korido. Alikuwa na furaha, maskini. Alipiga kigelegele, akasema, "Hamduni hana kosa! Jamani, Hamduni hana kosa, fungueni!"

Hakuna aliyenyanyuka. Kasanzu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha Hamduni, amelishika shuka kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amenyeshewa kibarazani miaka mingi, na mgongo wake ulikuwa umeanza kupona kwa godoro lile. Akasema taratibu, wala hakuinua macho:

"Na mimi nikalale wapi?"

Korido nzima ilisikia, na kila mmoja akaona ameulizwa swali lake. Wakamgeukia Mzee Lugendo. Mzee akatazama kiwanja cha nyuma, akatazama matofali na ile milango inayoliwa na mchwa juu yake. Akakumbuka ana mgonjwa wa kwenda kumwona, akavaa kofia yake akaondoka.

Bi Nyamizi aliogopa. Msimfanye malaika. Atakayefungua bila amri angeweza kuingizwa yeye. Siku zote alikuwa akingoja shauri kwa sababu aliuamini utaratibu, na sasa aliona shauri halikuwahi kuwapo. Akaenda mwisho wa korido. Mlango wa stoo haukuwa na kufuli. Ulikuwa na komeo la mti, kwa nje, la kuvutwa kwa kidole kimoja, na kila mtu wa nyumba ile alilipita kila siku akienda chooni, yeye akiwa mmoja wao. Akalivuta.

Ndani hapakuwa na ukuta wa nyuma. Palikuwa na korido, ndefu kuliko ile ya nje, na watu wamesimama huku na huku mpaka mwanga ulipoishia, wamevaa nguo zilezile walizoingia nazo. Hawakuwa wamekonda. Hawakumlaumu mtu. Hamduni alikuwa wa kwanza, mlangoni kabisa, na miguuni pake yalikuwapo maandazi yote ya Bi Nyamizi, hakuna hata moja lililomegwa. Yule mama akamshika mkono, mkono ulikuwa baridi, akamwambia, "Njoo, mwanangu. Kwangu kuna mkeka." Akamwongoza kama mtu anayemwongoza mgonjwa, akamketisha chumbani kwake.

Wengine wakatoka nyuma yao, mmoja mmoja, bila haraka. Kila mmoja alikwenda mpaka chumba chake cha zamani akasimama kizingitini. Hapakuwa na mlango wa kufunga wala pazia la kushusha. Lakini hawakuingia, kwa kuwa walikuwa watu waliolelewa. Walisimama tu wakitazama kitanda. Na aliyekuwa kitandani akajivuta, akajifunika shuka mpaka kichwani, na shuka lenyewe lilikuwa la yule anayetazama. Kizingiti cha Kasanzu peke yake kilibaki kitupu, na yeye ndiye aliyekikodolea macho kuliko wote. Wamesimama vile mpaka leo, huyu nje na yule ndani.

Mimi nimemaliza. Nendeni nyumbani, mkale, mjinyooshe, na kila mmoja wenu kabla hajajifunika ajiulize: kitanda hiki nilichokilalia ni cha nani?